Picha Uliyoniomba Jumapili

Kabula mwanangu,

Salamu za hujambo sijambo tuziruke, maana tunakaa nyumba moja na asubuhi nimekusikia ukipiga mswaki kwa hasira. Kesho alfajiri unapanda gari kwenda Dar es Salaam kwenye hayo mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na tangu Jumapili mimi na wewe hatujasemezana zaidi ya "chumvi hiyo hapo". Sasa umekwenda stendi kukata tiketi, mama yako amekusindikiza, nimebaki hapa na mbuzi. Nimechukua karatasi. Mdomo wangu ukiuona uso wako unaharibu kila kitu, na wewe mdomo huo huo umeurithi, kwa hiyo afadhali kalamu.

Mambo ya kula, ya kufunga mlango, ya kutompa mtu usiyemjua simu akushikie, mama yako ameyasema tangu juzi na ataendelea kuyasema mpaka gari liondoke. Mimi sina la kuongeza huko. Nataka tuzungumze habari ya picha.

Jumapili baada ya ibada ulivuta kigoda ukakaa karibu nami, ukaanza kwa upole. Mtu akinianza kwa upole, mimi najua hapo pana namna. Ukasema, "Baba, nikuombe kitu?" Nikasema omba. Ukasema unataka kupiga picha viwiko vyangu, mikono na mgongo, pale palipoharibiwa na huu ugonjwa, uende nazo darasani. Wakufunzi wenu wamemwagiza kila daktari aje na picha za wagonjwa wa kwao, kwa sababu picha za vitabuni karibu zote ni za Wazungu. Daktari wa zahanati anajifunzia ngozi nyeupe, halafu anapangiwa kazi Simiyu kututibu sisi. Nikakuuliza picha zitakaa wapi. Ukasema kwenye kompyuta ya chuo. Nikauliza hiyo kompyuta ni ya nani. Ukacheka. Hapo nikaanza kukasirika, na ulikuwa hujafika bado kwenye lile neno lililonikasirisha zaidi. Nitalifikia.

Unasema baba yako anashuku kila kitu. Sikatai. Kazi iliyokusomesha ilikuwa ya kushuku. Pale Kasoli, nilipokuwa mpima pamba wa chama chetu cha ushirika, mkulima alikuja na gunia lake, juu pamba nyeupe safi kabisa, na mimi nachomeka mkono mpaka kwapani. Katikati ndiko kuna maneno. Nilitoa mchanga, nilitoa mawe, nilitoa pamba iliyomwagiwa maji ili iwe nzito, na siku moja nikatoa kandambili. Mwenye gunia aliiangalia akasema, "Kumbe ilikuwa humu, nimeitafuta sana." Nilimrudishia kandambili yake na gunia lake, akaenda kulianika upya.

Wakulima nao walikuwa na haki ya kunishuku mimi, maana kwenye mizani kidole gumba kikikaa vibaya kidogo tu, mtu ameibiwa. Kwa hiyo pale kwetu palikuwa na desturi. Kabla ya kupima mzigo wa kwanza wa siku, mpimaji anasimama mbele ya foleni, anakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, anageuza mikono huku na huku watu waone. Wakiridhika, kazi inaanza. Hakuna aliyeiandika popote, sisi tuliikuta. Nilifanya hivyo kwa miaka bila kufikiri, kama mtu anavyovua kofia akiingia kanisani.

Ugonjwa ulinianza wewe ukiwa darasa la nne hivi. Kwanza kwenye viwiko. Mabaka makavu, meusi zaidi ya mwili wangu, mengine yakielekea zambarau, juu yake magamba ya kijivu. Vumbi la pamba likiyagusa nilijikuna mpaka machozi. Asubuhi moja nilikunja shati, magamba yakadondoka juu ya pamba nyeupe, na watu wa mbele wakasogea nyuma hatua moja. Kuanzia kesho yake nikavaa mikono mirefu na kuifunga vifungo.

Unamkumbuka Mama Shija, yule mkulima wa upande wa mtoni, mwanamke asiyeogopa mtu. Alinisimamisha mbele ya foleni nzima. "Maduhu, siku hizi unaficha nini humo?" Nikamwambia nasikia baridi. Kasoli, msimu wa kiangazi, jua la mchana, kila mtu anavuja jasho. Akasema, "Sisi tulioungua na jua tunataka kuiona hiyo baridi. Kunja."

Nilipiga hesabu haraka haraka kichwani. Nikikunja, watasema nina ukoma, na wewe shuleni utakaa dawati peke yako. Nisipokunja, watasema mwizi. Nikachagua mwizi. Mwizi hata kama anachukiwa, watu wanampa mkono wakikutana naye msibani.

Kikao cha ushirika kilifanyika, wakanitoa kwenye mizani, wakaniweka kushona magunia nyuma ya ghala. Wewe tulikwambia macho ya baba yamechoka. Nilikaa kule nyuma miaka yote iliyobaki, nikisikia watu wakipimiwa upande wa pili na kijana niliyemfundisha mimi, na kila aliyepita alinitazama mikono kwanza kabla ya uso. Iliniuma, Kabula. Sikusema, lakini iliniuma sana.

Najua unataka kuuliza kwa nini sikwenda hospitali. Nilikwenda. Bibi yako alinipeleka kwanza kwa mganga, akasema babu yangu anadai mbuzi. Mbuzi alitolewa, akaliwa, mabaka yakabaki. Ndipo nikaenda zahanati. Kijana wa pale aliniangalia akiwa ng'ambo ya meza, hakunyanyuka, akasema fangasi. Akanipa dawa ya kupaka. Nikarudi. Akanipa nyingine, fangasi vilevile.

Baadaye alikuja daktari mwingine, mtu wa kutoka kusini, mpole, mwenye kusalimia wazee. Huyu alijitahidi. Alitoa kitabu, akakifungua mezani, akawa anatazama picha, ananitazama mimi, anatazama picha. Nikachungulia. Ulikuwa mkono wa Mzungu, mweupe, na baka jekundu la kung'aa. Akaniuliza, "Mzee, huwa panakuwa pekundu?" Nikamjibu, "Pekundu pa wapi, daktari? Mimi nilivyo mweusi hivi?" Akacheka kwa aibu. Mimi sikucheka. Akafunga kitabu, akasema haifanani, akaandika fangasi.

Sikumchukia yule mtu, na wewe usimchukie. Alionyeshwa sehemu ya juu ya gunia tu, na hakuna aliyemwambia achomeke mkono.

Sasa sikiliza kosa langu jingine, maana la kwanza ulilijua nusu na hili hulijui kabisa. Pale Bariadi sokoni palikuwa na dada anauza vipodozi, mkarimu, mwenye maneno matamu. Aliona nikijikuna akaniuzia tyubu ndogo ya dawa ya kupaka. Nikapaka. Mwanangu, baada ya wiki chache mabaka yalilainika, magamba yakaisha, nikalala bila kujikuna. Nilimshukuru Mungu na yule dada kwa pamoja. Nikawa nakwenda kila nikiishiwa, napaka asubuhi na jioni, napaka mgongoni, napaka hata pasipouma. Mimi ninayemshuku mchungaji akihubiri kwa kifupi, sikuishuku ile tyubu hata siku moja, kwa sababu ilinipendeza. Ngozi ikawa nyembamba, ikichubuka kwa kuguswa na kamba tu. Siku dawa ilipokosekana sokoni, ugonjwa ulirudi na nduguze, mpaka kichwani. Yale makovu ya mkononi uliyoniuliza, nikakwambia ni ya moto, ni ya hiyo tyubu.

Halafu ukaja wewe. Umemaliza chuo, umepangiwa kituo cha afya kule Busega, koti jeupe, mama yako anamwambia kila mtu hata wasiomuuliza. Ulikuja likizo ukaona kiwiko changu nikinawa, ukanikalisha, ukaangalia, ukasema kwa uhakika kabisa, "Baba, hii ni fangasi." Ukanipa vidonge. Nikavimeza vyote, maana ulikuwa umevitoa wewe. Nilijua havitasaidia. Nilivimeza ili usijisikie vibaya, na hapo mimi na wewe tulifanya kosa moja, kila mtu kwa upande wake.

Ni yule mtaalamu wa ngozi aliyekuja kutoka Mwanza aliyeufichua. Wewe ndiye uliyenivuta mpaka pale kituoni kwenu. Aliniomba mikono, akaishika, akapitisha vidole juu ya mabaka, akaangalia kucha, akaona vile vishimo vidogo kama zimedonolewa, akaniuliza kama magoti nayo yana mabaka. Kisha akakata kipande kidogo cha ngozi, kikaenda Mwanza, mpaka leo sijui kiko wapi na nimeuliza. Majibu yakasema soriasisi. Ugonjwa wenye jina, usioambukiza, usio wa babu wala mbuzi. Ulitoka nje ukalia nyuma ya kituo. Ulidhani sikukuona. Uliporudi ulisema, "Nilikuwa nayo picha yake kwenye daftari, baba. Ilikuwa nyekundu."

Kwa hiyo naelewa kwa nini unakwenda. Naelewa na kwa nini unataka kurudi kuwafundisha wenzako wa zahanati na vituo vya afya, mmoja mmoja ikibidi. Dawa niliyopewa imenipa nafuu kubwa, sijapona, lakini nalala. Kuna mtu mahali fulani, Mwamanyili au Lamadi huko, anameza vidonge vya fangasi sasa hivi bila faida, na daktari wake hana ubaya wowote.

Lakini kuelewa si kuamini. Hayo mafunzo mimi nayaangalia kwa jicho la pembeni. Miaka yote ngozi yetu ilikuwepo, hatukuibadilisha, mbona wameikumbuka leo? Nani analipia chakula na vyumba vyenu? Akija mtu wa kampuni ya mafuta ya kupaka na miavuli ya bure, akawaambia mafuta yake ndiyo dawa ya kila kitu, mwavuli chukua maana mvua ni mvua, ila akili yako usimpe. Ukimkuta mkufunzi anayesema "ngozi nyeusi" kana kwamba sote tumechovywa ndoo moja, mkumbuke mama yako alivyo na mimi nilivyo, tunalala kitanda kimoja na hatufanani rangi.

Na uyashuku macho yako. Yamefundishwa kwenye miili ya watu wengine. Yatakwambia hakuna uvimbe kwa sababu hayaoni wekundu, na mgonjwa atakuwa anaungua hapo mbele yako. Shika. Sikia joto kwa nyuma ya mkono. Muulize mgonjwa, mwili wako wa kawaida una rangi gani, hapa pamebadilikaje? Yeye anaujua. Na akikujibu "ndiyo daktari, ndiyo daktari" kwa kila kitu, ujue hajakwambia lolote bado. Mimi nimewaitikia ndiyo madaktari wote hao, nikitoka nje nakwenda kwa dada wa tyubu.

Sasa turudi Jumapili. Ulishangaa kwa nini nilipandisha sauti. Kwanza kuna habari ya yule mama wa Mwamanyili aliyebabuka uso kwa mkorogo wa kujichubua. Mtu alimpiga picha akisema ni ya kumsaidia. Picha ikazunguka kwenye simu za watu, mpaka mnadani wauza ng'ombe walikuwa wanaonyeshana wakicheka, na mimi nilionyeshwa. Sikucheka, ila niliangalia. Yule mama hakuja tena mnadani. Wewe uliposema kompyuta ya chuo, mimi niliona wale wauza ng'ombe.

Ndipo ukasema lile neno. Ulilisema kwa nia njema, nakubali. Ulisema, "Usiwe na wasiwasi baba, nitakata kichwa kisionekane, na sitamwambia mtu yeyote kwamba wewe ni baba yangu."

Najua ndiyo taratibu yenu, siri ya mgonjwa. Mama yako amenieleza, na wewe umenieleza kupitia kwa mama yako. Lakini mimi sikusikia taratibu. Nilisikia mtoto wangu, niliyekubali kuitwa mwizi ili asikae dawati peke yake, ananiambia hatanitaja. Nikakwambia utoke mbele yangu. Nisamehe kwa hilo, lilikuwa neno kubwa kuliko kosa lako.

Nilikuwa nimeazimia uondoke hivyo hivyo bila picha. Jana mchana nikawa nimekaa nyuma ya nyumba bila shati, napaka dawa, wewe ukiwa umelala. Akatokea Mama Shija. Amezeeka, anatembelea fimbo, amekuletea karanga za safari. Hakupiga hodi, hajawahi kupiga hodi. "Mwadila, Maduhu," akanisalimia. Nikatafuta shati, lilikuwa mbali. Akaja mpaka karibu, akanitazama viwiko, akanitazama mgongo, akauliza, "Hiki ndicho ulichokuwa unaficha?"

Nikamwambia ndiyo, ni ugonjwa, hauambukizi, unaitwa soriasisi.

Akakaa kwenye gogo. Akasema, "Mimi watoto wangu wote nimewaambia uliniibia."

"Sikukuibia."

"Sasa ningejuaje? Mtu anaficha, nami nina pamba yangu." Akavunja karanga moja ya kwako akala. "Wangeiona wote, ungesemwa wiki mbili, basi. Wangezoea."

Nikamuuliza kama sasa anaamini kwamba sikumwibia. Alifikiri. Akasema ataamini polepole, maana msimu ule mizigo yake ilitoka myepesi sana. Ndivyo alivyo. Aliondoka bila kuniomba radhi, lakini alinipa mkono, na alinishika hapa juu, palipo na baka, hakuchagua pa kushika.

Nimelifikiria neno lake usiku na leo asubuhi. Sijui kama kweli wangezoea. Yeye anasema hivyo leo, siku ile alikuwa mkali kama pilipili. Lakini hata mimi, nikiona kwenye picha mikono isiyo na mwenyewe, kitu cha kwanza nitakachowaza ni kwamba mwenyewe ana la kuficha, au aliyepiga ndiye analo. Daktari atakayejifunza kwa mikono ile atazoea kuangalia mikono. Akija mtu na kichwa chake juu ya hiyo mikono, hatajua aanzie wapi.

Kwa hiyo, Kabula, picha nimekubali. Ulisema ngozi yetu haitaki taa ya simu, inaifanya ing'ae na rangi inapotea, inataka mwanga wa mchana, kivulini. Ukirudi kutoka stendi jua litakuwa bado lipo. Piga viwiko, piga mgongo, piga magoti, piga na makovu ya tyubu, maana hayo nayo wayajue. Hiyo karatasi ya ruhusa ilete, nitaisoma yote kabla ya kuisaini, hata ikiwa ndefu, na nisipoielewa utanieleza. Jina la mwenye kompyuta bado nalitaka.

Ila usinikate kichwa. Wakufunzi wakisema ni taratibu, waambie mgonjwa amekataa kukatwa, na mgonjwa naye ana taratibu zake. Siku mtakapoiweka picha ukutani, na madaktari wote wamekaa na kalamu zao, usianze na jina la ugonjwa. Anza kwa kusema, huyu ni baba yangu, anaitwa Maduhu, alikuwa mpima pamba Kasoli. Halafu waache wanitazame. Na mimi nitakuwa nawatazama wao.

Baba yako.